Namna ya kuandika hadithi ya zamani yenye kilio mu jamaa: anza na kopo ya unga

Vijana kadhaa hapa Lubumbashi wamenionyesha maandiko yao mu hii miaka, riwaya na hadithi fupi za zamani, za Union Minière (kampuni ya shaba), za secession (wakati Katanga ilijitenga na Kongo), za treni ya Kasai, na karibu zote zinaanza vilevile: bunduki zinalia, mtu anaanguka, mama anapiga kelele, machozi yanamwagika kama mto, sura ya kwanza imekwisha. Sura ya pili mwingine anakufa. Mi nasoma na silii. Na inaniumiza kweli, juu wale waliokufa ni wakubwa wetu, ni nkambo (babu ao nyanya) wa mtu fulani, wanastahili msomaji aweke kitabu chini kidogo ndipo aendelee. Basi nimeona niandike namna mi nafanyaka, yenye kufaa uchukue, isiyokufaa uache.

Nianze na nkambo wangu mzaa mama. Alikuwa anapima unga na kopo, kila siku. Maji yakichemka juu ya mbabula (jiko la makala) anachota moja, mbili, tatu, mpaka ile ya mwisho, na ile ya mwisho anaishika kidogo mkononi, anaitazama, halafu anairudisha mu mfuko. Mi nilikuwa mtoto, nikadhani anabana unga. Siku moja nikamuuliza, "Nkambo, juu ya nini unarudishaka?" Akajibu bila kugeuka, "Ile ni ya yaya wa mama yako." Yaya wa mama, yaani ndugu yake mkubwa, alikufa na surua wakati wa secession, alikuwa na miaka 4, mama hakumjua hata. Zaidi ya miaka 30 imepita na mkono wa nkambo ulikuwa ungali unamchotea.

Sikumwona nkambo akilia juu ya huyo mtoto hata siku moja. Lakini mtu akiniuliza msiba wa jamaa unakaa wapi, namwambia unakaa mu kopo. Ukiweza kuipata kopo ya jamaa yako ya hadithi, kile kitu kidogo cha nyumbani ambacho hesabu yake imeharibika sababu mtu mmoja hayuko, umepata hadithi, na bunduki utaziweka nyuma, mahali pake.

Chagua mwaka mmoja na lupango (uwanja wa nyumba) moja

Kosa la kwanza ni kutaka kubeba miaka yote. Mji wetu umepitia mambo mingi sana: homa kubwa ya 1918, miaka ya 1930 shaba ilipoanguka bei na maelfu ya wafanyakazi wakarudishwa kwao, 1941 ku uwanja wa mpira, secession toka Julai 1960 mpaka Januari 1963, vita ya Shaba (ni Katanga, wakati ule iliitwa hivyo) 1977 na 1978, mauaji ya wanafunzi ku campus mu Mei 1990, kufukuzwa kwa Wakasai 1992 na 1993, halafu 2003 na 2004 wale zaidi ya 10,000 wa Gécamines, kampuni ya shaba ya serikali, waliotoka na ile waliyoita départ volontaire, kuacha kazi kwa hiari. Mtu akiweka yote mu kitabu kimoja inakuwa somo la historia, wahusika wanakimbia toka tarehe moja kwenda nyingine, hawana wakati wa kupika. Kilio kinahitaji wakati wa kupika.

Chagua mwaka mmoja. Chagua lupango moja, jua mlango wake unaangalia wapi, nani analala mu chumba gani, mti gani uko uani. Ndani ya huo mwaka chagua mtu mmoja tu wa kufa. Najua utasema ile wakati walikufa wengi. Ni kweli, waache wafe mu nyumba za majirani, tuwasikie kupitia ukuta, lakini mu nyumba yetu mmoja anatosha, na tumjue vizuri kabla hajaenda, tumjue anapenda kula nini, anafunga viatu namna gani, anagombana na nani juu ya nafasi ya kulala.

Ukishachagua mwaka, safisha maneno yako. Hapa watu wanateleza sana. Mtu wa 1941 hasemi anaishi mji wa Lubumbashi, mji ulikuwa Élisabethville mpaka 1966, na Likasi ilikuwa Jadotville. Usiweke jamaa Katuba ao Ruashi mu 1935, zile komine zilijengwa kuanzia miaka ya 1950, weka Kamalondo, ao mu kambi ya kampuni. Usimlipe mtu pesa ya zaire kabla ya 1967. Union Minière nayo ilichukuliwa na serikali 1967 na nyuma ndipo ikaja kuitwa Gécamines, kwa hiyo baba wa 1955 hawezi "kuingia Gécamines". Na kuanzia 1972 majina ya ubatizo yalikatazwa. Fikiria mama aliyezaa Joseph mu 1965, mtoto anakufa 1973, ku karatasi hawaandiki Joseph. Ile peke yake inaweza kukupa sura nzima: mama anaita jina gani ku kaburi, na anaita kwa sauti ya namna gani kama kuna watu wa chama cha Mobutu wamesimama karibu.

Unaona tarehe inafanya nini? Usiiweke kama pambo, iache imwekee mtu mkono mdomoni.

Posho, ao namna ya kuweka msiba mu hesabu

Hapa nitakaa kidogo juu ndipo kazi yenyewe iko.

Wakati wa Union Minière mfanyakazi alipewa posho, chakula cha wiki: unga wa mahindi, mafuta ya ngazi, karanga, chumvi, nyama ao samaki. Toka mwisho wa miaka ya 1920 kampuni ilianza kutaka wanaume wakae na mabibi yao na watoto mu kambi, sio kuja na kurudi tena, na posho ikawa inahesabu mke na watoto pia. Wazee walikuwa wanasema kampuni njo baba, njo mama, na hawakuwa wanacheza na maneno, nyumba ni yake, unga ni wake, hospitali ni yake, masomo ya mtoto ni yake. Sasa fikiria baba na mama anayekulisha kwa karatasi. Mtoto akizaliwa, karatasi inaongezeka. Na mtoto akifa?

Wengi wangeandika hivi: "Moyo wa mama ulipasuka vipande elfu. Alilia mchana na usiku, dunia ikawa giza." Hakuna kitu pale. Unaweza kuiweka mu hadithi yoyote, ya mji wowote, ya mwaka wowote. Mi niliandika hivi, ni jamaa ya kutunga, mu kambi, 1942, mtoto wa kati amezikwa siku tisa zilizopita:

Karani hakuinua macho. "Batoto bangapi?"
Nyuma ya mama mulongo ulikuwa mrefu, mtu anakohoa, mtoto wa jirani anachezea kamba ya mfuko.
"Batatu."
Karani akaangalia karatasi, kalamu ikasimama. "Hapa beko babili, mama."
"Batatu," akasema tena, na sauti ileile ya wiki zote.

Mu andiko la kwanza karani aliona huruma, akaongeza kopo moja bila kuandika. Nikafurahi nayo siku mbili. Siku ya tatu nikaiondoa. Niliona namfanya karani mwema ili mi nijisikie vizuri, wakati karani mwenyewe anachunguzwa, unga ukipungua mu stoki ni mshahara wake. Basi akapima ya watoto wawili, akaita jina lingine, mama akarudi na mfuko.

Na ile njo ilinifungulia hadithi. Juu nikajiuliza, akifika nyumbani anafanya nini? Anapima kama zamani. Anapikia watu watano na unga wa watu wane. Jumatatu sawa, Jumanne sawa, Alhamisi mfuko umekwisha. Bwana anaona, hasemi kitu. Ijumaa anaamka saa kumi za usiku, anakunywa maji, anaenda ku kazi na tumbo tupu, ku moto wa usine, na jioni anamwambia bibi amekula kwa rafiki. Wiki ya pili vilevile. Mpaka mtoto mkubwa, msichana wa miaka 9, siku moja anachukua kopo mu mkono wa mama, anapima yeye, anapima za watu wane, anafunga mfuko. Mama anamtazama. Hakuna mtu anasema jina la yule aliyekufa, sura nzima, kurasa kumi na moja.

Ile sura nilipoisomea watu walilia, na mu ile sura hakuna hata mhusika mmoja analia.

Kwa hiyo namna ya kufanya ni hii: tafuta mu mwaka uliochagua kitu gani kilikuwa kinahesabiwa. Kila wakati mgumu una kitu chake. Mu miaka ya 1991 mpaka 1993 ni franga (pesa) zenyewe, bei ilikuwa inaruka kila siku mpaka 1993 wakatoa zaire mpya, moja kwa milioni 3 za zamani. Jamaa iliyochangisha Jumatatu kwa ajili ya sanduku, Jumatano ile mchango inanunua mbao bila misumari. Mu secession ni siku za risasi na siku za kupumzika, Septemba 1961, Desemba 1961, halafu tena mwisho wa 1962, watu wanahesabu nani amerudi kabla ya giza. Mu 2004 ni miezi ya ile franga ya kutoka, baba ananunua fuso (lori) ya zamani, inakufa barabarani, watoto wanaacha masomo. Andika orodha ya vitu vinavyohesabiwa mu nyumba yako ya hadithi: sahani, mikeka, viatu, funguo, vitanda, nani analala karibu na nani. Halafu toa mtu mmoja na uone orodha inaharibikia wapi. Kule kunakoharibika ndiko utaandika.

Tukio kubwa liangalie toka jikoni

Tuchukue 1941. Wafanyakazi wa Union Minière waliomba mshahara uongezwe, wakasimamisha kazi, wakakusanyika ku uwanja wa mpira, na tarehe 9 Desemba wanajeshi wakawapiga risasi. Léonard Mpoyi, aliyekuwa anasema kwa jina lao, aliuawa pale. Hesabu ya wafu inabadilika kufuatana na nani anahesabu. Kila mwandishi kijana anataka kusimama katikati ya uwanja.

Simama jikoni. Ile tarehe ilikuwa Jumanne, ni wakati wa mvua, maembe yanaiva, watoto wako juu ya miti. Mama amesonga bukari (ugali) na amefunika. Anasikia mlio, anadhani radi, anaangalia mawingu. Halafu watu wanaanza kupita wanakimbia na anatafuta shati, juu anajua shati gani bwana yake alivaa, yeye njo aliipiga pasi. Anatazama mashati. Hatazami nyuso hata, mashati. Bukari inapoa, ngozi inatokea juu, inzi. Jioni jirani anakuja, anasimama ku mlango bila kuingia, na mama anamwambia, "Ingia, kula iko," sababu ni vile mtu anasema kwa mgeni, mdomo unasema wenyewe.

Msomaji akikaa na ile bukari masaa sita mazima, ukimwambia ku uwanja ilikuwaje kwa mistari mitatu tu, atasikia zaidi kuliko ukimpa kurasa ishirini za damu. Na tafadhali, wafu msiwafanyie onyesho. Mwili wa mtu una wajukuu ambao wako hai na wanasoma.

Jambo lingine, usimfanye mhusika mwalimu. Jioni ya kilio hakuna mtu anamwambia mwenzake "kama unavyojua, Tshombe alitangaza uhuru wa Katanga tarehe 11 Julai 1960". Anamwambia "usipite ku barabara ya posta leo". Msomaji ataelewa, na asipoelewa atauliza mkubwa wake, na hiyo ni faida kwake.

Kilio chenyewe

Kilio kwetu ni kazi. Kuna matawi ya mitende ku mlango wa lupango, kuna moto wa magogo nje ambapo wanaume wanalala, wanawake wako ndani juu ya mikeka, kuna kaye (daftari) ya michango na mtu mwenye kuandika vizuri amewekwa kuishika, kuna mtu anatafuta viti, mtu anatafuta sufuria, kuna mashemeji wanahesabu wageni na makala. Andika ile kazi. Mjane yuko katikati ya kelele yote na hana kazi hata moja, wamemkataza kugusa kitu, na kwa mtu aliyezoea kuamka saa kumi na moja kuwasha mbabula ile kukaa bure inaweza kuwa ndio uchungu mkubwa. Mwandike mikono yake.

Na watu wanacheka ku kilio. Wajukuu wanataniana, wanadai kulipwa ndipo waache mzee apite, mtu anaigiza namna marehemu alikuwa anatembea. Mwandishi anayeogopa kuweka kicheko anaandika kilio cha sinema. Pia kuna ugomvi. Ndugu za bwana wanaulizia funguo kabla udongo haujakauka, wanataka mashine ya kushona, wanataka kinga (baisikeli), wanataka karatasi ya lupango. Hapo angalia mwaka wako tena, juu sheria ya jamaa ya 1987 ilimpa mjane na watoto haki zilizoandikwa, kabla ya pale alikuwa mu mikono ya desturi, na hata baada ya 1987 wengi hawakujua ao hawakuthubutu kwenda kudai. Na mjane wa kambi ana jambo lake la pekee, nyumba ni ya kazi, bwana akifa nyumba inarudi. Analia na tayari anafunga vitu.

Kuna kitu kimoja nakuomba usikiache: lugha ya kulia. Mu kambi na mu komine watu walitoka pande zote, Kasai, Maniema, upande wa Rhodesia, Rwanda na Burundi, wakakutana mu Kiswahili. Mama anaweza kuishi hapa miaka 30, ananunua, anagombana, anabembeleza watoto kwa Kiswahili, halafu siku mtoto wake anakufa anafungua mdomo na inatoka Kiluba, ao Kibemba, ao Kitshokwe, maneno ambayo watoto wake wenyewe hawajawahi kusikia. Nimeona hii kwa macho yangu kwa jirani mu komine ya Kenya, hapa Lubumbashi. Mtoto wake mkubwa alikuwa pembeni anauliza watu, "Anasema nini? Mama anasema nini?" Hakuna mtu wa rika lake angeweza kumtafsiria. Usitafsiri nawe. Acha msomaji asimame na yule mtoto.

Kuuliza wakubwa

Vitabu vitakupa tarehe, kopo iko kwa wakubwa. Lakini kuna namna ya kuuliza. Mi nilikosea vibaya mara ya kwanza, nilienda kwa shangazi mmoja na kaye na kalamu, nikaketi mbele yake nikauliza, "Shangazi, nani alikufa mu 1992 na alikufaje?" Akanitazama, akaomba samahani, akaenda kulala, ilikuwa saa nne za asubuhi. Miezi sikurudi, nilikuwa na haya.

Nyuma nilirudi na sukari na sabuni, bila kaye. Alikuwa anachagua maharagwe. Nikachagua naye. Nikauliza mambo ya vitu, mulikuwa munapikia wapi, maji munachota wapi, mulibeba nini. Akaanza na sufuria. Jamaa yake ilikaa ku stasheni ya Likasi miezi, wakati Wakasai walikuwa wanafukuzwa, wanangoja treni, watu walilala nje ku mvua na watoto wengi walikufa pale. Aliniambia juu ya sufuria moja ambayo jamaa tatu zilikuwa zinazungushiana kwa zamu, na namna alijua mtoto wa jamaa ya pili amekufa: asubuhi ile zamu yao ilifika na hawakuja kuchukua sufuria. Nilikuwa na haragwe mkononi, sikuweza kuliweka chini.

Basi uliza vitu. Kifo kitakuja chenyewe kama mtu anataka kije. Akinyamaza, nyamaza, chagua maharagwe. Usirekodi kabla ya kuomba ruhusa. Badilisha jina, badilisha avenyi, na hesabu ya watoto kama inaweza kumtambulisha. Na ukimaliza usiondoke palepale, kaa mpaka azungumze kitu kingine, bei ya mafuta, mjukuu anayesoma, usimwache mtu peke yake mu 1992.

Juu ya hii ya 1992 nawasihi waandishi wote wa hapa, Wakatanga na Wakasai, kuweni na uangalifu mkubwa. Kulikuwa na nyumba ambamo baba anatoka Kasai na mama ni wa hapa, watoto wanakatwa katikati. Kulikuwa na jirani aliyechoma na jirani aliyeficha, na mara nyingine ni mtu mmoja, Jumatatu na Alhamisi. Ukimwandika jirani mbaya, mpe jikoni nayeye, mpe kopo yake. Simwombei msamaha, lakini msomaji akimjua ataogopa zaidi.

Kama hauna mkubwa wa kumuuliza, kuna njia nyingine. Wachoraji wa hapa mu miaka ya 1970, kama Tshibumba Kanda Matulu, walichora historia ya nchi juu ya turubai za mifuko ya unga, na watu walinunua picha wakatundika mu salon. Walikuwa wanaziita ukumbusho. Angalia picha za "Colonie belge", mtu analala chini anachapwa, bibi yake ameleta chakula, polisi wamesimama. Angalia yule bibi, bakuli lake, namna amesimama. Ile picha jamaa walikuwa wanakula chini yake kila siku. Na chuo kikuu chetu kilifanya mradi unaoitwa Mémoires de Lubumbashi, watu wa kawaida wakahadithia maisha yao, uliza ku musée.

Mwezi wa tatu

Hadithi nyingi zinakwisha ku maziko. Ni mapema. Siku ya maziko jamaa imejaa, kuna chakula, kuna nyimbo, mtu hayuko peke yake hata dakika. Andika mwezi wa tatu. Wageni wamerudi kwao, matawi ya mitende yamekauka na mtu ameyachoma, kaye ya michango iko juu ya kabati na deni zake, mtoto anarudi toka ku masomo anaita "Baba!" kwa mazoea na nyumba nzima inasimama. Mimi naanza karibu kila hadithi pale, mwezi wa tatu, halafu narudi nyuma kidogo kidogo. Ukianza pale msomaji anajua tayari nani hayuko, haogopi nini kitatokea, anaangalia namna watu wanaishi.

Wakati wa kusahihisha, futa kwanza "machozi", "moyo", "uchungu", "huzuni", kila mahali, na uone sentensi gani zinaanguka. Zile zilizoanguka hazikuwa na kitu chini yake, ziandike upya na kitu cha kushika. Mbili ao tatu utazirudisha, sio zaidi, mtu analia mara moja mu kitabu kizima na msomaji amekuwa akimngojea. Nyuma ya pale soma kwa sauti, mbele ya mtu aliyeishi ile wakati ao mtoto wake, usome polepole na uangalie mikono yake kuliko uso.

Mi sura ya posho niliisoma mbele ya mama yangu, jioni, umeme umekatika, tuna mshumaa. Yeye hajawahi kuishi 1942, lakini kopo niliyoandika ni ya mama yake na alijua. Alinyamaza mpaka mwisho, akapangusa meza ambayo ilikuwa safi. Halafu akaniambia, "Umeandika kopo ya bati. Haikuwa ya bati. Ilikuwa nyeupe, ya emaye, na mdomo wake wa bluu, na ku mkono palikuwa pamebanduka."

Nimesahihisha.